Jina Kwenye Safu ya Baba

Kidole cha mgeni kilisimama kwenye jina la mtu aliyekufa akiwa na miezi mitatu, na ambaye miaka hamsini baadaye alipata mtoto hapa Kipkelion.

"Haiwezekani," alisema Gudrun, kwa Kiswahili chake cha kujifunza. Alikuwa ametoka Ujerumani kutafuta ukoo wa babu yake, Karl Hartmann. Mmoja wa ndugu za Karl alibaki huku akilima chai, barua zikakatika, na kwao hakuna aliyejua tena ni yupi.

Katekista Onchiri alikigeuza kitabu cha ubatizo kuelekea dirishani. Mwaka 1972. Mtoto: Noah. Mama: Tecla Chepkemboi. Baba: E. Hartmann.

Tecla mwenyewe alikuwa kwenye benchi, kitambaa cha kina mama wa kanisa kichwani, mikono mapajani. Noah alikuwa mwanawe wa pekee. Walimzika mwaka juzi kando ya Hartmann, kule juu chai inakoishia. Tangu siku hiyo sufuria yake ilichemsha kikombe kimoja tu.

Gudrun akaweka mezani karatasi ya ubatizo ya kwao, yenye majina ya watoto wote wa nyumba ile. "Wavulana ni watatu. Karl ni babu yangu. Otto alirudi, akafia nyumbani. Amebaki Ernst. Na Ernst alizikwa akiwa mchanga."

"Mtoto wa miezi mitatu hazai, Mama Noah," Onchiri akasema akicheka. "Hata kwa hii hewa yenu ya Kipkelion." Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini kama tuliandikiwa uongo, itabidi nimwambie padri. Hapo kwa baba patapigwa mstari."

Tecla aliliwaza kaburi kule juu. Noah alale huko aliko kama mtoto wa kuokotwa?

Akamkumbuka Hartmann: gamboti zenye tope, kiko mdomoni, mkali kwa wachumaji, mpole akishavuka kizingiti. Miaka ishirini na mitatu hakuwahi kumwinulia mkono, hata majirani walimwonea wivu. Kila mmoja alikuwa na chumba chake. Noah aliposhikwa na surua, Hartmann ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, mvua ikimwagika.

Padri wa wakati ule alikuwa mgeni. Aliuliza jina la baba, akapewa, akaandika. Angeuliza swali la pili, asingembatiza mtoto. Na leo Tecla akilijibu swali hilo, kesho kitambaa kitavuliwa, na Jumapili wenzake watakwenda kukomunika yeye akibaki ameketi. Hakuwa na watu wengine duniani ila hao.

"Sema tu, Mama," Onchiri alimwambia polepole. "Baba yake alikuwa nani?"

"Yuko kwa hiyo karatasi."

"Wavulana tumewamaliza, Mama."

Tecla akajiinua, akasogea mezani. Kidole chake kikampita Karl, kikampita Otto, kikampita yule mchanga, kikatua kwenye jina la mwisho, la dada yao: Elfriede.

"Huyu," alisema. "Hakujaliwa mtoto, akanioa kwa mila yetu, kwa ng'ombe sita, nimzalie."