Hodi Tumboni kwa Shekue

Siku hizo kila aliyetimiza miaka arobaini alibandikwa mkalimani kitovuni, kidude kidogo kama kifungo cha shati, kilichosikiliza ishara ambazo chembe za mwili hupelekeana na kuzisema kwa Kiswahili. Mwanahawa alishamzoea wa mumewe, Shekue, kama mke mwenza mwenye domo.

"Chumvi imezidi," mkalimani alisema asubuhi hiyo wakila mihogo.

"Mwambie huyo mmbeya wako aje apike yeye," Mwanahawa alijibu. Shekue akacheka mpaka chai ikampalia.

Mkalimani akaanza kutoa sauti mbili, moja ikibisha, nyingine ikijibu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, wa humu humu."

"Aa, kumbe ndugu yetu! Karibu, pita mpaka kwenye ini."

"Wasikie chembe walinzi wangu wa ndani walivyo na adabu," Shekue alijigamba, akichovya muhogo kwenye pilipili. "Mwili uliolelewa ukaleleka huu."

"Hodi."

"Karibu."

Mwanahawa alishusha kikombe. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mumewe hakuwahi kupiga hodi katika nyumba hii. Husukuma tu mlango na kuulizia chakula.

"Baba Rukia," alisema, "wa humu humu tangu lini akapiga hodi?"

Shekue aliacha kutafuna. Hodi zilikuwa zikizidi, nyingi kama za wageni wa harusi, na kila moja ilijibiwa kwa ukarimu: karibu, karibu, karibu.