Upande Maji Yanakotoka

Kila Jumanne Mzee Mbwana alimleta mkewe, Bi Mwanahawa, kwenye bwawa la kuogelea la mji, wazee wanakofanya mazoezi ndani ya maji, maana daktari alisema huenda yakamsaidia kumbukumbu. Mzee alikaa ukingoni na kanga kavu mapajani. Siku hizi Bi Mwanahawa alimwona mgeni tu, na kila akimfunika alishukuru kwa adabu.

“Nyanyueni magoti, bibi zangu!” mwalimu aliita.

Bi Mwanahawa akainua mikono badala yake, kama aliyeshikilia mzigo kichwani, akaanza kupapasa sakafu kwa nyayo. Mzee Mbwana akautambua mwendo ule. Ndivyo walivyokuwa wakivuka mto ujanani, mkewe na furushi kichwani, yeye upande maji yanakotoka, akimkingia mkondo.

Katikati ya bwawa mkewe akageuka, amekunja uso.

“Baba Saumu! Ndiyo unaniacha peke yangu? Huoni maji yalivyojaa?”

Kanga ikamponyoka Mzee Mbwana.

“Nije upande gani, mama?”

“Si huko juu, siku zote!”

Akaingia na kanzu yake, akasimama pale alipoonyeshwa, akayapa mgongo maji yaliyotulia tuli.