Nguo za Kazini

Damilare alivua suruali akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mgongo umebana mlango wa choo ambao kitasa chake kilikufa zamani. Vyoo vya sheli za mtaa wa Yaba havikujengwa kwa ajili ya watu wazima kubadilishia nguo.

Alizikunja taratibu nguo alizotoka nazo nyumbani. Mkewe, Folake, hupiga pasi kila kitu, hata taulo, na mkunjo usio wake huutambua mara moja. Akavaa zile alizozificha kwenye begi. Akabadilisha na viatu.

Nje alimkuta Iya Risi, mama mtunza ufunguo wa choo, amejishika kiuno.

"Oga, bosi wangu, anaingia mtu huyu, anatoka mtu mwingine. Mkeo hajajua tu?"

"Hajajua, Mama."

"Wanaume wenzio huficha mwanamke. Wewe unaficha kazi! Wallahi haya sijayaona."

"Afadhali angekuwa mwanamke," Damilare alisema. "Mwanamke ningeweza kumwacha."

"Mwambie mkeo, yaishe. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

"Ni ya baridi, Mama."

Iya Risi alicheka. Damilare hakuwa na nguvu ya kucheka.

Alikuwa amechoka miaka mingi. Aliandika programu za benki: ile inayohamisha fedha kutoka simu hii kwenda simu ile, na ambayo kila mwisho wa mwezi huanguka kama mlevi, kisha anaamshwa yeye kuiinua. Harusi ya mdogo wake aliimalizia ndani ya gari, kompyuta magotini, wenzake wakicheza ngoma ukumbini. Moyo wake ulikuwa kwingine. Ulikuwa kwenye gemu aliyoianza mwenyewe nyumbani: egungun, mzimu wa wahenga, aliyefunikwa matambara tangu utosini hadi miguuni, anakimbia juu ya mapaa ya mabati ya Ibadan, mbuzi wakimfukuza. Binti yake, Tiwa, ndiye aliyechagua mbuzi.

Basi mwezi wa nne alimfuata meneja wake akamwambia anaacha kazi, anakwenda kutengeneza michezo ya kompyuta. Meneja alicheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mtu mzima na vigemu! Haya, nenda. Vitakutoa jasho."

Vijana wenye studio ya michezo, nyuma ya kiwanda cha mikate, walimwambia kiti chake kipo, aje Jumatatu.

Jumatatu hiyo ndipo Damilare alipojua kwamba yeye ni mwoga. Hakuna neno zuri zaidi la kuliremba jambo hilo. Na woga ukazaa woga: kumweleza Folake ukweli kukamshinda kabisa. Zikaanza safari za chooni.

Jana jioni Folake alimtazama akiivurugavuruga moimoi ya kunde kwenye sahani.

"Baba Tiwa, mbona uchovu wako haupungui? Au wanakuonea huko?"

"Hapana. Ni kazi tu."

"Baba," Tiwa akadakia, "egungun ameshavuka ule ukuta?"

"Kesho, mama."

"Hata jana ulisema kesho."

Alimwonea haya mtoto wake mwenyewe.

Sasa, kabla hajavuka barabara kutoka sheli, simu iliita.

"Baba Tiwa! Umesahau hotpoti yako mezani. Nikasema nikiwa naenda sokoni Tejuosho nikupitishie. Nimeshashuka, naelekea ofisini kwako."

"Usije!"

"Nisije kwa nini? Nimevaa vibaya?" Folake alicheka. "Acha niwasalimie na wenzio. Hata sura yangu hawaijui."

Simu ikakatika. Nguo za nyumbani zilikuwa ndani ya begi, lakini akirudi chooni mkewe angemtangulia. Damilare akatimua mbio. Begi lilimpiga mgongoni, wauza kadi za simu wakampisha, mtu mmoja akapaza sauti, "Oga, umeiba nini?" Njiani alikuwa akitunga uongo, na kila uongo ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia. Angesema mkutano. Angesema amepeleka ujumbe mahali. Angemdaka kabla hajafika, amshike mkono, amgeuze waende zao sokoni.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii yake ilikuwa imebakiza kona moja. Alipoikata, harufu ya mikate ya moto ilimpiga usoni.

Folake alikuwa ameshafika kwenye geti la studio. Alikuwa ameikumbatia hotpoti, anazungumza na kijana mwenye rasta.

"Hapana, Mama," kijana alikuwa akisema kwa adabu. "Huyo Damilare tulimngoja ile Jumatatu, hakutokea. Kiti chake tukampa mwingine."

Folake aligeuka. Akamwona mumewe anahema, shati jeupe limelowa jasho, tai imehamia begani, kitambulisho cha benki, kile alichorudi kumwomba meneja Jumatatu ile, kinaning'inia shingoni.

Kisha akamkabidhi hotpoti.

"Ukoo mzima tulishona sare, tukacheza kanisani mpaka madhabahuni kumshukuru Mungu kwamba umeacha benki," alisema polepole. "Haya, kimbia. Utachelewa."