Kwenye Geti la Nesi

Mbwa aligoma kupita geti la nesi. Alijilaza juu ya miguu ya bibi fundi cherehani, yule aliyemtoa mtaroni akiwa amefungwa waya shingoni. Pale penye kovu manyoya hayakuota tena.

"Bibi, huku kuna uwanja, na wanangu wameshampenda," nesi alisema kwa upole.

Bibi alijua. Alikuwa anahamia kwa binti yake, na mjukuu wake ana pumu inayochochewa na manyoya.

"Nenda, baba," alimbembeleza. Mbwa akamlamba kidole.

Ndipo bibi, ambaye hakuwahi hata kumkaripia, akainua mkono kama anayetaka kupiga.

"Toka!"

Mbwa akajikunja, akafyata mkia, akaingia ndani.

"Funga geti, mwanangu," bibi alimwambia nesi, mkono bado uko juu. "Funga upesi."