Halua Isiyoonekana

Macho mapya ya Bi Riziki hayakuonyesha sukari. Kisukari kilikuwa kimeua chembe za neva nyuma ya macho yake, zile zinazopeleka picha kwenye ubongo. Madaktari wakampandikizia nyingine, kwa sharti wanalowekewa wagonjwa wote wa kisukari: kila kitu kitamu kitafutika machoni mwao na kubaki weusi mtupu, wasije wakakitamani.

Ndiyo maana siku hiyo, jikoni kwake Wete, alikuwa akisonga shimo jeusi ndani ya sufuria. Kesho yake Idi, na nyumba ile haijapata kupokea wageni kwa halua ya dukani.

"Mama, utaiunguza," alisema bintiye Salha. "Hata huioni!"

"Miaka yote moshi wa kuni ulinifumba macho, nikaisonga vivyo hivyo. Niache!"

Akasikiliza. Kububujika kukapungua, mwiko ukawa mzito, halua ikaanza kubanduka sufuriani. Akaepua.

Salha akaonja. "Ni ileile, mama," akasema, na maneno yakatoka kwenye weusi, kwa kuwa midomo yake, iliyopakaa halua, ilikuwa imefutika.

Bi Riziki akashtuka, ila hakugeuza uso. Akachovya ncha ya kidole.

"Mama! Na sukari yako?"

"Mpishi asiyeonja huwalisha watu bahati."

Akailamba, kisha akajitazama kwenye kioo cha kabati. Chini ya pua hapakuwa na kitu ila shimo jeusi.

"Haya," lile shimo likasema kwa sauti yake, "sasa madaktari waje waniambie haipo."