Kochi la Mgeni

"Mtaa huu hauna kaya maskini," afisa wa ustawi alitangaza mkutanoni. "Nimeingia nyumba zote kwa miguu yangu, na kila nyumba ina kochi. Msaada utakwenda mtaa mwingine."

Chausiku hakungoja amalize. Alitoka mbio hadi kwake, akarudi na kochi jekundu kichwani, akalitua mbele ya afisa, puu!

"Unalikumbuka?"

"Ni la kwako. Nililikalia."

"Na kwa Bi Sikudhani ulikalia lipi? Na kwa Mama Tabu je?"

Afisa aliinama, akaigusa sponji iliyotokeza pembeni. Akalitambua kochi.

"Ni hilo hilo, baba. Mtaa mzima tunalo moja. Ulipokuwa ukiaga mlango wa mbele, sisi tulikuwa tunalipitisha uani, liwahi nyumba inayofuata. Kwetu mgeni hakai chini."

Watu wakaangua kicheko. Chausiku hakucheka.

"Ulichokalia ulikiona. Sisi tulikaa wapi, ulituona?"

"Mama, uamuzi umeshapitishwa huko juu."

"Basi rudi huko huko juu ukautengue. Sisi hatuondoki."

Akakaa mchangani, akanyoosha miguu. Bi Sikudhani akakaa ubavuni mwake, kisha mkutano mzima ukakaa chini. Afisa akabaki amesimama peke yake, jua la saa saba utosini, na mbele yake kochi jekundu, tupu, likimkaribisha.