Majibu ya Lugendo

Sheria ilikuwa hiyo: majibu ya uvimbe wa utumbo hapewi mgonjwa, hupewa ndugu mmoja, naye huamua aseme nini. Nyamizi alisomewa ya mumewe, Lugendo. Seli za kinga, askari wa mwili, zilizoingia kwenye uvimbe zilikuwa chache mno. Bila dawa mpya hamalizi mwaka.

Nyumbani alimkuta anamenya viazi.

"Mama Kabula, wamesemaje?"

"Askari wako wamejaa tele, Baba Kabula."

Lugendo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyo alikula akashiba, mara ya kwanza tangu apasuliwe.

Jumatatu walikwenda hospitali kufuata ile dawa mpya. Ilibaki dozi ya mgonjwa mmoja, na kwenye benchi alikaa mwalimu kijana aliyekonda, ameegemea bega la mama yake.

"Mpeni huyu," Lugendo akamwambia muuguzi. "Mimi nina askari wa kutosha."

Muuguzi, aliyeyajua majibu, akamgeukia Nyamizi. "Mama, unakubali?"

Mama wa yule kijana alikuwa ameshaanza kulia kwa shukrani. Nyamizi akaweka kidole gumba kwenye kioo cha kishikwambi cha muuguzi, alama ya kukubali.

Njiani Lugendo alimshukuru kwa kumletea habari njema, naye akaitikia.